Kesi tatu za usiku mmoja

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni katibu wa kamati ya kanisa letu la Waswahili hapa Wisconsin. Tuna gari la watu 15 linalowachukua wazee na watoto kila Jumapili, na tulikuwa tumempata kijana wa kuliendesha kwa malipo kidogo. Juzi mtu akatupia skrinshoti ya tovuti ya mahakama kwenye grupu la WhatsApp: jina la kijana, kesi tatu, zote za mwaka 2023, na maneno ya kuendesha gari akiwa amelewa. Grupu liliwaka moto. Yeye anasema ulikuwa usiku mmoja tu, na kwamba kesi "ilifutwa". Wazee wengine wanasema mtu wa kesi tatu za ulevi ni mlevi, basi. Nani anasema kweli? Na je, tunaruhusiwa kuliona faili lenyewe?

Marahaba, katibu.

Nikujibu kwa kifupi kwanza, maana najua Jumapili haingoji. Kwa maelezo uliyonipa, kuhusu usiku mmoja kijana anasema kweli. Kuhusu "ilifutwa" anasema nusu ya kweli, na sitashangaa kama hata yeye hajui kuwa ni nusu. Faili mnaruhusiwa kuliona. Sasa kaa nikueleze, maana hiyo skrinshoti imesomwa kama watu wanavyosoma risiti ya duka, mstari kwa mstari kisha jumla, na rekodi ya mahakama haijumlishwi hivyo.

Hiyo tovuti wenyeji huiita CCAP, wakiitamka kama "sii-kepu". Jina lake kwa umma ni Wisconsin Circuit Court Access, anwani yake wcca.wicourts.gov, na imekuwepo tangu 1999. Inakusanya mahakama za kaunti zote 72 za jimbo. Ni bure, haitaki akaunti wala kadi ya benki. Nalisema hili mapema kwa sababu mkiandika jina la mtu kwenye Google, zitatangulia tovuti za biashara zinazoahidi "ripoti kamili" kwa dola kadhaa. Nyingi zinachota humohumo CCAP, tena kwa kuchelewa, na kesi iliyobadilika mahakamani inabaki kwao kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Msilipe.

Chukua namba ya kesi ya kwanza kwenye picha yenu. Nimebadilisha tarakimu, lakini ina sura hii: 2023TR004417. Mwaka, herufi mbili, kisha namba ya foleni. Herufi mbili ndizo za kutazama kwanza. TR ni tiketi ya barabarani inayoishia kwenye faini. CT ni kosa la barabarani lililofikia kuwa jinai. CM ni jinai ndogo, CF ni jinai kubwa. Kesi zote tatu za kijana wenu ni TR, na namba zake zinafuatana: 4417, 4418, 4419. Mtu aliyezoea kuzisoma rekodi hizi akiona namba tatu zimeshikana hivyo anajua bila kuuliza kwamba askari mmoja aliandika tiketi tatu kwenye kiti cha gari lake usiku uleule, na karani akaziingiza pamoja kesho yake au wiki iliyofuata. Kama hamniamini, fungueni kila moja mtazame tarehe ya kosa na mahali lilipotokea. Zitafanana.

Kwa nini tiketi tatu? Wisconsin kila tiketi ya barabarani hufunguliwa kesi yake. Ya kwanza, kwa kijana huyu, ni ya kuhama mstari wa njia. Hiyo ndiyo iliyomfanya askari awashe taa. Ya pili ni ya kifungu cha 346.63(1)(a), kuendesha ukiwa umezidiwa na kilevi, ambayo hapa huitwa OWI na majimbo mengine huiita DUI au DWI. Ya tatu ni 346.63(1)(b), kuendesha ukiwa na kiwango cha pombe kilichokatazwa, kwa kifupi PAC. Hizi mbili za mwisho ni pacha. Ya (a) inauliza hali yako: je, pombe ilikupunguzia uwezo wa kuendesha salama? Ya (b) haijali ulivyojisikia, inauliza namba tu: je, kipimo kilifika 0.08? Mtu anaweza kufika 0.08 na kutembea wima kama askari wa gwaride, na akawa na hatia ya (b). Mwingine akawa na 0.06 na kuyumba, akashtakiwa kwa (a) peke yake.

Serikali inaruhusiwa kumshtaki mtu kwa zote mbili kwa tukio moja. Lakini kipengele kinachofuata, cha (c), kinasema wazi kwamba akipatikana na hatia ya zote mbili, itahesabiwa hatia moja, kwa adhabu na kwa hesabu ya makosa yake ya maisha. Kwa hiyo kinachotokea karibu kila siku ni kwamba mtu anakubali moja ya pacha, na ya pili inaondolewa. Kwenye skrini, ya (a) inasomeka "Guilty", ya (b) inasomeka "Dismissed".

Hapo ndipo ile "ilifutwa" ilipotoka. Ni kweli tiketi moja iliondolewa. Haikuondolewa kwa sababu hakimu aliona hakulewa. Iliondolewa kwa sababu pacha wake alishalibeba kosa lote. Nimeona watu wawili wakigombana juu ya ukurasa mmoja, mmoja akionyesha "Guilty", mwingine "Dismissed", na kila mmoja akiamini mwenzake ni mwongo.

Nilikaa kiti cha mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za hapa kwa miaka mingi kabla ya kuhamia ofisi ya mawakili, na hilo neno "Dismissed" limenisumbua kuliko yote. Tukitoka nje ukumbini mtu ananishika mkono, "Wamenisamehe, eeh?" Mkalimani hana ruhusa ya kumpa mtu ushauri wa sheria. Unamwambia amuulize wakili wake, na wakili keshaingia chumba kingine.

Sasa neno "Guilty" lenyewe, maana wazee wenu wameliona wakasema "jinai". Kwenye safu ya uzito wa kosa, angalieni maandishi madogo: "Forf. U". Maana yake ni kosa la faini tu. Wisconsin, tofauti na majimbo mengi ya Marekani, kosa la kwanza la kuendesha ukiwa umelewa halihesabiwi kuwa jinai, isipokuwa kama garini kulikuwa na mtoto wa chini ya miaka 16. Hakuna jela. Faini yenyewe ni dola 150 hadi 300, juu yake kuna tozo maalumu ya dola 435 na gharama nyingine za mahakama, leseni inafutwa kwa miezi 6 hadi 9, na mtu anapelekwa kufanyiwa tathmini ya unywaji wake. Kipimo kikiwa 0.15 au zaidi, anafungiwa garini kile kifaa cha kupuliza ndipo gari liwake. Kwa hiyo akiulizwa kwenye fomu ya kazi kama ana hatia ya jinai, na hiyo ndiyo kesi yake pekee, akijibu "hapana" hajasema uongo.

Ukiona "Misd. U" kwenye safu hiyohiyo, hapo ni jinai ndogo, na kwa ulevi barabarani kwa kawaida ni kosa la pili au la tatu. La pili lina jela isiyopungua siku 5. La tatu, siku 45. La nne, tangu Januari 2017, ni jinai kubwa, na utaliona kwenye kesi ya CF likiwa na neno "Felony". Mabano ya "(1st)" au "(2nd)" mbele ya jina la kosa ndiyo yanayokuonyesha hesabu, lakini hesabu yenyewe ina vituko vyake. Mtu aliyekuwa na kosa moja tu zamani, kisha akakamatwa tena baada ya miaka zaidi ya 10, anarudi kuhesabiwa wa kwanza. Akishafika la tatu, yanahesabiwa yote tangu 1989. Na kosa la jimbo lingine linaingia kwenye hesabu. Ndiyo maana unaweza kukuta mtu ana kesi moja tu CCAP, nayo imeandikwa "(2nd)". Ya kwanza aliifanyia Iowa, au ilikuwa mahakama ya mji, nitakayoieleza baadaye.

Hapo kuna mtego mmoja ambao ulininasa mwenyewe nilipoanza kazi. Ukivuka mto ukaingia Minnesota, mambo yanageuka. Kule kosa linapangwa kwa daraja, na daraja la nne ndilo jepesi kuliko yote, la kwanza ndilo jinai kubwa. Niliwahi kumtafsiria mama mmoja karatasi ya mwanawe, nikaona "Fourth Degree", nikamwambia kwa huzuni kabisa kwamba mtoto amekamatwa mara nne. Mama akakaa chini palepale. Kumbe ilikuwa mara yake ya kwanza, na kosa dogo. Nilimpigia simu jioni kumwomba radhi, na hadi leo nikikutana naye dukani hunitania: "Mkalimani, leo ni ngapi?" Basi kila jimbo lisomeni kwa kamusi yake. Minnesota wana tovuti yao ya jimbo zima, Iowa vilevile; Illinois inabidi uende kaunti kwa kaunti.

Turudi kwenye ukurasa wa kijana. Kuna maneno mengine manne au matano yanayopotosha, niyapitie haraka. "Closed" maana yake kesi imekwisha kushughulikiwa. Haisemi nani alishinda. "Amended" ni shitaka lililobadilishwa, mara nyingi kushushwa kuwa uendeshaji wa kizembe. Msimhukumu mtu kwa shitaka la kwanza wakati uamuzi umeandikwa juu ya lingine. "Dismissed but read in" ni tofauti na "Dismissed" tupu: shitaka limeondolewa lakini hakimu aliruhusiwa kulizingatia alipokuwa anapanga adhabu. Na kesi ambayo mashtaka yake yote yameondolewa, CCAP wenyewe huweka tangazo juu ya ukurasa kwamba hayakuthibitishwa na kwamba mtu huyo anachukuliwa hana hatia. Mwenye kupiga skrinshoti huwa anasahau kulijumuisha tangazo hilo. Sijui kwa nini.

La mwisho ni "No contest", na hili linataka kituo. Kwa Kiswahili nililitafsiri "sipingi". Hakimu anauliza, mtu anasema sipingi, basi anahukumiwa sawasawa na aliyesema nimekosa. Tofauti ni kwamba hajakiri kwa kinywa chake, na hilo lina faida iwapo aliyegongwa atakuja kudai fidia. Sasa fikiria mtu aliyekulia Uvira kule Kongo, akapita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na kitu, amesimama mbele ya hakimu. Kwetu kumwambia mkubwa "sipingi" ni heshima. Ni kama kusema nimekusikia mzee. Nimewasikia watu wakilisema kwa upole kabisa, kichwa kimeinama, wakidhani wameonyesha adabu na mazungumzo yataendelea. Hakimu hulazimika kuuliza kama mtu ameelewa, na mtu hujibu "ndiyo", maana nayo ni adabu. Kwa hiyo mkilikuta hilo neno kwenye kesi ya kijana, ni hatia kamili kisheria. Lakini msishangae akiwaambia kwa moyo mweupe kwamba hakukubali kosa.

Kabla hamjaendelea mbali, kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza kwenye grupu: mna uhakika ni yeye? Kwa kijana wenu jibu ni rahisi kwa kuwa amekiri ule usiku. Lakini naandika na kwa wengine watakaosoma. CCAP hutafuta kwa jina, na majina yetu yamepata taabu safarini. Yule aliyeandikishwa kambini jina la baba likiwa mbele, hapa likawekwa nyuma. Yule mwenye jina moja tu, ofisi ikamwongezea lingine. Irakoze ni wangapi? Bahati ni wangapi? Halafu tazama tarehe ya kuzaliwa, ambayo CCAP mara nyingi huonyesha mwezi na mwaka tu. Kwa Wamarekani mwezi na mwaka vinatosha kuwatenganisha watu wengi. Kwa wakimbizi wetu, nusu ya ukumbi walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu karani wa kambi hakuwa na tarehe nyingine ya kuandika. Watu wawili wenye jina moja, wote wa 01-1990, katika kaunti moja! Nimeliona hilo. Mmoja alinyimwa chumba cha kupanga kwa kesi ya mwenzake. Angalieni anwani, angalieni namba ya gari kwenye tiketi, na bora kuliko yote, muulizeni mwenyewe.

Sasa faili. CCAP ni muhtasari wa faili, siyo faili. Karatasi zenyewe ziko kwa karani wa mahakama ya kaunti, na ni mali ya umma: unaingia na namba ya kesi, unaomba kuiona, hakuna anayekuuliza unaitakia nini. Kwa wale mliozoea masjala za kwetu, kwamba lazima uwe na mtu unayemjua ndani, hili linaonekana kama mzaha, lakini ndivyo lilivyo. Kunakili ni dola 1.25 kwa ukurasa.

Lakini nisikudanganye kuhusu utakachokikuta. Kesi ya TR ina faili jembamba. Kuna tiketi, kuna karatasi ya hukumu, labda na barua ya wakili. Hadithi ya usiku ule haimo humo. Hadithi inapatikana kwenye kesi za jinai, za CT na CF, ambako mwendesha mashtaka lazima aandike malalamiko ya kurasa mbili tatu akieleza kwa nini mtu ashtakiwe. Hizo nimezitafsiri hadi nazijua kwa moyo. Saa saba na dakika kadhaa usiku. Gari lilivuka mstari wa katikati mara mbili. Askari alihisi harufu ya kilevi, akaona macho mekundu yenye maji. Mshtakiwa alisema amekunywa "bia mbili". Karibu wote ni bia mbili; jimbo hili sijui nani hunywa ya tatu. Kisha vipimo vitatu vya pembeni mwa barabara: kufuata kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa, kutembea hatua tisa kisigino kikigusa kidole kisha kugeuka na kurudi, na kusimama mguu mmoja ukihesabu kwa sauti. Halafu damu inatolewa, na namba inakuja baada ya wiki kadhaa kutoka maabara.

Isomeni hiyo karatasi mkijua ni upande mmoja unaosema. Macho mekundu yapo kwenye karibu kila malalamiko niliyoyashika, na mtu aliyetoka zamu ya usiku kiwanda cha nyama ana macho mekundu vilevile. Kuhesabu kwa sauti ukiwa mguu mmoja, kwa Kiingereza ulichojifunza miezi minane, kwenye theluji, si jambo dogo. Namba ya damu ndiyo yenye uzito. Kama ilisomwa 0.09, mna picha moja. Kama ilisomwa 0.24, mna picha nyingine kabisa, hata kama ni kosa la kwanza na faini ni ileile.

Kwa kesi ya TR, mkitaka kujua namba hiyo na maelezo ya askari, ombeni ripoti kwenye idara ya polisi iliyoandika tiketi. Jina la idara limo kwenye ukurasa wa CCAP. Sheria ya kumbukumbu za umma ya jimbo inawapa haki ya kuomba, ingawa wanaweza kufunika baadhi ya mistari na wanaweza kuchukua muda wao. Na kama kijana alikataa kutolewa damu au kupuliza, mtakuta kesi nyingine ya pembeni ya kukataa kipimo. Kukataa kuna adhabu yake ya leseni, na kunaingia kwenye hesabu ya makosa yajayo, kwa hiyo msilichukulie kama jambo dogo la karatasi.

Nilikuahidi mahakama za mji. Miji mingi ya Wisconsin ina mahakama zake ndogo, zaidi ya 200 kwa jimbo zima, na kosa la kwanza la ulevi likiwa ni faini tu, linaweza kuamuliwa huko. Kesi hizo kwa kawaida hazimo CCAP. Milwaukee wana tovuti yao pembeni. Mji mdogo unaweza kulazimika kupiga simu kwa karani anayekaa ofisini siku mbili kwa wiki. Maana yake ni kwamba yule mzee kwenye kamati yenu aliyesema "tumtafute mwingine, huyu wa pili nimemwangalia CCAP hana kitu" hajaangalia kitu. Anaweza kuwa na OWI ya mji, ya Minnesota, au kesi ya zamani iliyokwisha kuondolewa kwenye tovuti kwa kupita muda wake.

Ndiyo maana ningekuwa kamati, CCAP ningeiacha kwanza nikaomba rekodi ya udereva. Hiyo hutolewa na idara ya magari ya jimbo, DMV, na ndiyo inayokusanya yote: ya mji, ya kaunti, ya majimbo mengine, leseni ilifutwa lini na ilirudishwa lini. Hatia ya OWI haifutiki humo maisha yote. Lakini hii msijaribu kuichukua kwa mlango wa nyuma. Kuna sheria ya Marekani ya 1994 inayolinda taarifa za madereva, na rafiki wa mtu anayefanya kazi DMV hana ruhusa ya "kuwachungulilia". Mwambieni kijana ailete mwenyewe. Ni fomu na ada ndogo. Kampuni ya bima ya gari la kanisa itaitaka hata hivyo, na kwa uzoefu wangu jibu la bima humaliza mjadala ambao wazee wangeuendesha hadi Pasaka.

Mkiitazama, tazameni leseni aliyonayo leo. Kosa la 2023 lenye adhabu ya miezi 6 hadi 9 maana yake leseni ilipaswa kurudi zamani, kama alimaliza tathmini na kulipa ada ya kurudishiwa. Wengi hulipa faini wakadhani yamekwisha, wakaendesha mwaka mzima bila leseni. Wako pia wanaoendesha kwa leseni ya masharti, yenye saa zisizozidi 12 kwa siku na 60 kwa wiki, ya kwenda kazini na shughuli za lazima. Sheria inaruhusu hata saa za kwenda kanisani ziandikwe humo, na hapo najua kuna atakayesema, "Si umeona, kanisani anaruhusiwa." Anaruhusiwa kwenda kusali. Kuwabeba watu 14 wengine kwa malipo ni swali la masharti yaliyoandikwa kwenye karatasi yake, na karatasi hiyo isomeni neno kwa neno.

Kwa kuwa mnamlipa, kuna jambo la kisheria upande wenu pia. Wisconsin inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya rekodi ya kukamatwa au ya hatia, na CCAP wenyewe wameweka onyo hilo kwa waajiri. Kuna mlango: hatia ikiwa inahusiana kwa kiasi kikubwa na kazi yenyewe, mwajiri anaweza kuizingatia. Ulevi barabarani na kazi ya udereva vinahusiana, hilo halihitaji profesa. Lakini andikeni sababu yenu iwe ni hatia moja ya 2023 na matakwa ya bima, na kabla ya kumwandikia barua mwonyesheni wakili. Isije ikawa barua inasema "kesi tatu za ulevi". Kesi tatu hizo hazipo. Na yule aliyeziandika hivyo kwenye grupu, kwa maneno yake mwenyewe juu ya picha, afute na aseme amekosea. Rekodi ni ya umma, kuisambaza si kosa. Kumzidishia mtu makosa ni jambo jingine.

Kijana mwenyewe mwambieni hili kwa faragha, maana huenda hakuna aliyemwambia. Kama bado hajawa raia, siku atakapojaza fomu ya uraia ataulizwa kama amewahi kukamatwa, kupewa tiketi au kushtakiwa, na hilo ni pana kuliko swali la jinai. Ile tiketi "iliyofutwa" nayo inaandikwa. Hatia moja ya kawaida ya ulevi haimfungii mtu mlango. Mbili ndani ya kipindi kinachochunguzwa, ambacho kwa wengi ni miaka 5, tangu uamuzi wa mwanasheria mkuu wa 2019, zinamfanya ahesabiwe hana mwenendo mwema hadi athibitishe vinginevyo. Mwenye viza naye, kukamatwa tu kunaweza kusababisha viza ifutwe. Aende kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote, akiwa na nakala zenye muhuri wa karani kwa tiketi zote tatu.

Na kwa kuwa atakwenda kuzichukua, nendeni pamoja naye, wewe na mzee mmoja kati ya wale wakali. Siku ya kazi, asubuhi, jengo la mahakama ya kaunti, dirisha la karani wa kesi za barabarani. Mpe karani namba tatu, mwambie unataka tiketi na hukumu kwa kila moja. Mwacheni kijana azisome kwanza mwenyewe, kisha aziweke mezani. Zikitoka kurasa sita, ni dola saba na nusu, ukiacha ada ya muhuri. Mzee ndiye alipe.